Kwenda Asia Kupitia Kiambere

Jumapili, 3 Agosti

Nimeharibu. Naandika haraka kabla chai haijachemka.

Leo kanisani ilikuwa siku ya kushukuru kwa ajili ya ndoa. Mzee Njagi akasimama wa kwanza, kawaida yake. Akaeleza jinsi alivyompeleka mke wake Karwirwa Mombasa kwa treni. Akatoa na picha. Karwirwa juu ya ngamia! Picha ikapita kiti kwa kiti mpaka ikafika kwetu. Gatwiri wangu akaishika muda mrefu, halafu akashusha pumzi. Naijua hiyo pumzi. Ni ile aliyoshusha siku nilipomwonyesha nyumba yetu imeisha kujengwa, mlango ukitazama choo cha jirani.

Sijui nini kiliniingia. Nikajikuta nimesimama. Nikasema mwezi huu huu, kwa heshima ya ndoa yetu, nampeleka Gatwiri Asia. Si mahali pamoja. Asia! Chakula chake, vitambaa vyake, sanaa yake. Kikundi kidogo cha watu wanane, si kuswagwa kama ng'ombe. Unapika na akina mama wa huko, unatia kitambaa rangi kwa mkono wako. India, Laos, Uzbekistani. Uzbekistani niliitamka mara mbili, ya pili ikatoka vizuri.

Maneno hayo yote nilikuwa nimeyasoma asubuhi kwa simu. Binti yetu Purity anafanya kazi Nairobi, ofisi ya mambo ya safari, na alikuwa amemtumia mama yake tangazo ili aone zile picha za vitambaa. Aone tu. Hakuna aliyeniambia nisimame.

Kanisa likapiga makofi. Mchungaji Mugambi akauliza tunaondoka lini ili tuombewe. Nikasema Ijumaa, tarehe kumi na tano. Ahadi bila tarehe inasikika kama ya mwanasiasa.

Tulipofika nyumbani, Gatwiri, akiweka sufuria ya chai jikoni, akaniuliza jambo moja tu. Je, huko kuna baridi? Yeye ni fundi wa nguo. Alitaka kujua ashone kitambaa gani.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimempigia Purity. Akanitajia bei. Sitaiandika hapa. Mchungaji alipotuambia kwenye semina ya wanaume tuwe na daftari la kila siku, alisema liwe la kumtukuza Mungu. Nikakaa dukani juu ya gunia la chakula cha kuku mpaka mteja akauliza kama na mimi nauzwa.

Purity akataka kujua kama mama yake anajua mambo yalivyo. Nikamwambia aombe.

Wacha nieleze kwa nini naogopa. Si Njagi. Njagi nimemzoea kama vumbi. Ni Gatwiri. Tangu nimtoe kwao Nkubu, huyu mama ameshona sare za nusu ya watoto wa hapa Gachoka, majoho ya kwaya, na suti yangu ya uzee wa kanisa. Na kila kitambaa kikiingia kwa nyumba, kabla hajakikata, anakisugua kwa vidole, anakinusa, anauliza: hiki kilifumwa wapi? Kilifumwa na nani? Anauliza hewa, maana mimi sijui. Mbali zaidi amefika ni Thika. Sasa nimemwambia mbele ya watu wa Mungu kwamba atawaona waliofuma. Nikimwangusha kwa hili, hatanigombeza. Ataacha kuuliza. Hiyo ndiyo naogopa.

Jioni amerudi kutoka Embu. Kumbe alienda kwa maofisi ya serikali kuomba pasipoti! Mimi nikimtuma chumvi anasahau. Nikamwuliza walisema nini. Akasema walisema vizuri. Akaendelea kumenya viazi.

Jumatano, 6 Agosti

Njagi alipita dukani. Hakununua kitu. Akauliza tunapanda ndege gani. Nikamwambia ile ya Asia. Akauliza kama inasimama Mombasa, ili nimsalimie yule ngamia.

Huyu ni mzee wa kanisa, analima muguka, yale majani watu wanatafuna wachangamke, na mahubiri ya kiasi yakianza anaangalia dari. Lakini mimi simhukumu.

Alipoondoka nikalisoma tena lile tangazo. Nikalisoma kama ninavyosoma Warumi, polepole, nikiweka kidole. Na Bwana akanifungua macho. Kikundi kidogo: sawa. Chakula, vitambaa, sanaa: sawa. Hakuna mahali panasema ndege!

Sasa fikiria. Asia yenyewe si ilikuja hapa zamani? Mjini Meru kuna duka la vitambaa la Mzee Jayanti, Mhindi, liko pale tangu mimi sijazaliwa. Hiyo ni India. Kule Kiambere, karibu na bwawa, kuna Muchangi, kijana wa Mbeere aliyewapikia Wachina wa barabara mpaka barabara ikaisha, akabaki na masufuria yao akafungua hoteli. Hiyo ni China, na Laos ukiangalia ramani iko hapo karibu tu. Uzbekistani tutaiombea.

Nimeipa jina. Asia, Awamu ya Kwanza. Si uongo. Serikali inajenga barabara kwa awamu na hakuna anayeiita mwongo. Au wanaiita, lakini si kwa sababu hiyo.

Gatwiri simwambii bado. Itakuwa kumshangaza kwa furaha. Nimezungumza na Bundi, ana gari la abiria, anaweza kubeba wanane bila kubanana. Nimemwambia Ijumaa aanze kama anayeenda Embu na Nairobi, halafu pale njia panda ageuke kuelekea Kiritiri bila kusema neno. Bundi akauliza ni nani namtoroka. Vijana wa siku hizi.

Moyo umetulia. Nimekula muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, sahani mbili.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeenda Kiambere kufanya majaribio. Muchangi alinipokea vizuri sana. Ameandika kwa ukuta Hoteli ya Kimataifa. Akanipikia tambi na samaki wa bwawa, na tangawizi, na mchuzi mweusi wa soya. Tamu! Shida ni vijiti. Wachina wanakula kwa vijiti viwili, na Muchangi anavitumia kama amezaliwa navyo. Mimi samaki aliniponyoka akarudi karibu bwawani.

Haiwezekani kiongozi wa safari ashindwe na kijiti mbele ya Mchungaji. Nimerudi nyumbani nikachukua sindano za Gatwiri za kufumia sweta, nikajifungia stoo, nikajifundisha kuokota punje za ndengu moja moja. Ngumu kuliko kufunga na kuomba. Sindano inateleza, ndengu inaruka. Gatwiri amekuta ndengu kwa kiatu chake, kwa mto wa kitanda na ndani ya Biblia, kitabu cha Ayubu. Hakuuliza. Amezifagia tu, akarudi kwa cherehani. Anashona nguo ya safari. Kijani, na utepe wa njano kwenye mikono. Na mfuko wa ndani kwa ajili ya pasipoti.

Huo mfuko umenikaa moyoni.

Jumapili, 10 Agosti

Jambo moja sikulifikiria. Kusindikizwa!

Nilikuwa nimepanga kikundi kidogo. Mimi, Gatwiri, Mchungaji na mkewe, na wengine wachache wenye moyo wa siri. Lakini kwetu hapa mtu haendi uwanja wa ndege peke yake kama mwizi. Leo wakati wa matangazo Karwirwa, mke wa Njagi, ambaye ndiye mwenyekiti wa akina mama, akasoma kwamba kikundi chote kitatusindikiza hadi Nairobi mpaka ndege ipae. Mzee Njagi ameshaongea na shule, basi limepatikana, maana ni likizo. Akina mama wavae sare na vitambaa vya kichwa. Kila mtu abebe chakula chake.

Nikamwangalia Njagi. Akatabasamu kama kerubi.

Baada ya ibada wakanizunguka na maagizo. Mmoja anataka hariri, kidogo tu ya kuwekea Biblia. Mwingine uzi wa dhahabu. Karwirwa anataka pilipili manga ya India, ile yenyewe, si hii ya maduka. Nikakubali yote. Ningekataaje?

Jumanne, 12 Agosti

Nimejaribu kuwazuia kwa hekima. Nilimwendea Njagi shambani nikamweleza kwamba siku hizi polisi wa uwanja wa ndege hawataki umati. Akasema hiyo ni kazi yake, ana binamu polisi. Nikasema ndege inaondoka usiku sana. Akasema watakesha, waimbe. Nikasema mafua yanasambaa. Akasema wataombea.

Halafu akaniuliza begi letu liko wapi. Mtu anaenda Asia bila begi? Akanipa lake la magurudumu, lile la Mombasa, lina kibandiko cha mnazi. Nikashukuru. Nililivuta njia yote ya vumbi likipiga kelele, na watoto wakinifuata wakiuliza ndege iko wapi.

Alhamisi, 14 Agosti

Begi tupu ni jepesi mno. Mtu akilinyanyua atajua. Nimelijaza chakula cha kuku, kile cha kutagisha, mpaka likawa na uzito wa mtu anayesafiri. Juu nimeweka shati moja na taulo.

Nguo ya Gatwiri imeisha. Aliijaribu mbele ya kioo, akageuka huku na huku. Ilimkaa vizuri. Nikamwambia tu ni nzuri. Akasema ni kitambaa cha kawaida, hata hajui kilitoka wapi. Halafu akaniangalia kama anayesubiri kitu. Mimi nikaenda kufunga kuku.

Purity amepiga simu mara mbili leo. Sikuchukua. Najua atakalosema.

Ee Bwana, kesho.

Ijumaa, 15 Agosti

Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi lango la kanisa lilijaa. Basi la shule, akina mama ndani kwa sare, flaski, vikapu, ngoma moja. Gari la Bundi mbele. Mchungaji Mugambi akasema tuombee wasafiri na mizigo yao. Akaweka mikono juu ya begi. Mchungaji ni mtu mzito, na anapoomba hujiegemeza. Katikati ya maneno kuhusu mbawa za tai, zipu ikapasuka. Chakula cha kuku kikamwagika miguuni pake. Kuku wa nyumba ya mchungaji hawakungoja amina.

Njagi akachutama, akachukua kidogo, akanusa. Akauliza kwa sauti kubwa ndege yetu inataga ngapi kwa wiki.

Nikasema ni zawadi kwa wenyeji wetu. Mtu haendi kwa watu mikono mitupu, na huko Asia wanafuga sana.

Mchungaji akafurahi karibu alie. Akasema huo ndio moyo, ndugu Misheck, ndiye mimi, hawaendei watu kwa kupokea tu. Wote wakainama wakakizoa kwa viganja, wakakirudisha kwa begi, pamoja na mchanga wa kanisa. Tukalifunga kwa kamba. Gatwiri alikuwa ameketi ndani ya gari. Alitazama yote.

Pale njia panda Bundi akageuka kuelekea Kiritiri. Nyuma yetu basi likapiga honi, likageuka pia. Kiritiri wale wa basi walitusimamisha. Njagi akashuka, akauliza tangu lini uwanja wa ndege umehamia huku. Nikamwambia kuna njia nyingi za kwenda Asia. Mama mmoja akamweleza mwenzake kwamba labda siku hizi ndege zinatua kwa maji.

Tukafika Kiambere. Nikashuka, nikapanda juu ya jiwe, bwawa likiwa nyuma yangu. Mchungaji, mkewe, akina mama wote, Njagi na mikono kifuani. Nikasema wapendwa, hii ndiyo Asia, Awamu ya Kwanza. Nikaeleza yote, tangazo, Wachina, masufuria yaliyobaki. Nikasema watu wa Asia walisafiri mpaka hapa kutujengea barabara na sisi hatukuwahi hata kuuliza wanakula nini. Hiyo sehemu ilitoka vizuri kuliko nilivyotarajia.

Hakuna aliyesonga. Wote wakamtazama Gatwiri.

Akashuka kwa gari na ile nguo yake ya kijani. Akapita mbele yangu kana kwamba mimi ni kigingi. Akanawa mikono, akamwendea Muchangi akamwuliza kuna nini kwa ile sufuria.

Basi sherehe ikaanza. Muchangi alikuwa amepikia watu wanane. Lakini akina mama walikuwa wamebeba chakula cha kukesha uwanja wa ndege! Muthokoi, viazi, chai, maparachichi. Kila mtu akapata tambi chache na kipande cha samaki juu ya muthokoi wake, na Muchangi akaapa kwamba hata Wachina hawajawahi kula hivyo. Vijiti vikagawanywa. Gatwiri alivishika mara moja tu. Vidole vya fundi! Akaokota tambi moja moja kama anayetoa uzi kwa sindano, akina mama wakamzunguka awafundishe. Njagi tambi zake zilikaa kwa tai ya shingoni. Mimi, pamoja na mazoezi yangu yote ya ndengu, samaki aliniangukia kwa suruali ya suti.

Baadaye Gatwiri akaniita kando, karibu na maji. Akasema kwa sauti ya chini:

"Baba Purity, mimi nilijua tangu ile Jumatatu."

Nikauliza alijua nini.

"Kule Embu waliniambia pasipoti haitoki mpaka Septemba. Na wewe ulikuwa umesema tarehe kumi na tano."

Nikamwuliza basi nguo alishonea nini.

"Nilikuwa nataka nguo. Halafu nikataka kuona utafika wapi." Akatazama bwawa, akatazama Hoteli ya Kimataifa, akatazama suruali yangu. "Umefika Kiambere."

Nikaomba msamaha. Nilianza kueleza habari ya awamu. Akanikatiza.

"Wewe ulisema chakula, sawa, nimekula. Na vitambaa je? Ulisema vitambaa."

Nikasema ni kesho, Meru, kwa Mzee Jayanti. Ndiyo mpango tangu mwanzo. Akaitikia kwa pua tu. Sikujua hiyo ni ndiyo au hapana.

Tumerudi kulala kwetu. Asia nzuri, unaweza kufunga kuku jioni. Lakini Gatwiri ameikunja ile nguo akaiweka kabatini, na hajaniambia kama kesho atakuja. Sijamwuliza. Nimepiga magoti mara mbili.

Jumamosi, 16 Agosti

Niliamka kitanda ni kitupu upande wake. Cherehani kimya. Jikoni hakuna mtu. Nikatoka nje na viatu mkononi.

Alikuwa ameketi ndani ya gari la Bundi, siti ya mbele, nguo ya kijani, kikapu magotini. Akaniambia nimechelewa.

Asante Yesu.

Basi la shule lilikuwa limerudi kwa wenyewe, hivyo hatimaye tukawa kikundi kidogo kama tangazo linavyotaka. Wanane kabisa, pamoja na Bundi. Njagi alikuja na Karwirwa. Akasema anakuja kama shahidi.

Dukani kwa Mzee Jayanti mimi nilikuwa nimetayarisha hotuba ya salamu kwa Wahindi. Sikuitumia. Mzee amezaliwa Meru, akamsalimia Gatwiri kwa Kimeru cha Imenti kinachonishinda mimi Mmbeere. Akamwuliza ni mtoto wa nani. Gatwiri akamtaja mama yake, wa Nkubu, kwamba zamani alikuwa mteja hapa. Mzee akasema anamkumbuka. Nikajua ni maneno ya wafanyabiashara. Kisha akauliza kama bado anashindania bei akiwa amekupa mgongo, mguu mmoja nje ya mlango.

Gatwiri alicheka mpaka akashika kaunta. Ni yeye kabisa! Mama mkwe hata mahari yangu aliijadili akiwa amegeukia ukuta.

Halafu ikaja sehemu yenyewe. Gatwiri akashika kitambaa, akakisugua, akakinusa. Nikaona mdomo wake unafunguka kidogo na unafunga. Kisha akauliza, pole pole, kama mtu anayejaribu maji na kidole cha mguu. Hiki kilifumwa wapi?

Na Mzee Jayanti akajibu! Hiki ni Surat, kule India, kwa mashine. Hiki wanatia rangi kwa mkono, kijiji cha mjomba wangu, wake kwa waume, wanakianika mtoni. Hiki sijui, nisikudanganye, labda China. Gatwiri akauliza cha pili. Akauliza cha kumi. Miaka yote hii anauliza na hakuna anayejibu, na leo mtu anashusha majora rafuni moja baada ya lingine, anajibu. Mzee akamtuma mkaza mwana wake ndani akaleta kipande cha mti kilichochongwa ua, mhuri wa nyanya ya Mzee aliokuja nao kwa meli. Wakaupaka rangi, Gatwiri akaugonga kwa kitambaa cheupe. Ua moja. Akanyanyua mhuri, akalitazama lile ua, akaangalia kiganja chake.

Mimi nilitoka nje kidogo kuangalia gari. Gari lilikuwa salama. Nikaliangalia tena.

Niliporudi chakula kilikuwa tayari nyuma ya duka. Chapati, dengu na chai! Njagi akaninong'oneza kwamba tumetoka Gachoka mpaka India kula chapati na dengu. Lakini mke wa Mzee Jayanti na Gatwiri walikuwa wameshaanza kubishana unene wa chapati, nani anaweka mafuta wakati gani, na nani alimfundisha nani. Hawakumaliza. Wamepeana namba za simu.

Zawadi yetu ya chakula cha kuku nikaitoa. Mzee Jayanti hafugi kuku, na hata mayai hali. Alilipokea begi kwa mikono miwili, akauliza kwa upole kama kinapikwa au kinaliwa hivyo hivyo. Sidhani aliuliza kwa kutojua. Njagi akaomba arudishiwe begi lake.

Sanaa nayo ikapatikana bila mimi kuitafuta. Yule mkaza mwana anachora hina. Alimchora Gatwiri ua la ule mhuri, kiganja na mgongo wa mkono. Karwirwa akataka pia. Alisema kidogo. Akafika kwenye viwiko. Hata mke wa mchungaji akatoa kidole kimoja, kwa ajili ya kushirikiana. Na pilipili manga ya India, ile yenyewe, niliinunua duka la jirani nikamkabidhi Karwirwa pale pale mbele ya mumewe. Agizo limetimizwa!

Tukirudi Gatwiri alilala begani kwangu kuanzia Chuka. Kitambaa chenye ua kiko kikapuni. Mikono ameiweka juu ya magoti, wazi, isifutike.

Jumapili, 17 Agosti

Siku njema ambayo Bwana ameifanya, karibu yote.

Nilikuwa na hofu kidogo ya hina kanisani. Akina mama walipoinua mikono kuimba, ya Gatwiri na Karwirwa ikawa kama bustani. Wazee wengine wakaanza kunong'onezana, shingo zikageuka kwa Njagi aseme kitu, maana yeye ndiye husema. Angesema nini? Mikono iliyochanua kuliko yote ni ya mkewe. Akafungua kitabu cha nyimbo akakisoma kwa bidii. Na Mchungaji akahubiri juu ya mikono ya yule mwanamke wa Mithali anayeshika pia ya uzi na kusokota. Mke wake amekaa mbele, kidole kimoja juu.

Ingeishia hapo. Nilikuwa nimeketi, nimeshiba neno, kitambaa chenye ua kimewekwa juu ya meza ya mbele akina mama wakione. Gatwiri alikuwa ananieleza kwa sikio kwamba Mzee Jayanti atamfundisha kuchonga mhuri, wa maua ya kwetu, ya kahawa na ya ndengu. Nilikuwa na furaha. Sikuhitaji kitu.

Ndipo Njagi akasimama kutoa ushuhuda. Akasema anamshukuru Mungu kwa "safari yetu" ya Asia. Jinsi "tulivyopanga". Jinsi "tulivyoona ni vyema tuanze na Kiambere". Akamaliza kwa kusema kwamba mwakani, Mungu akipenda, anampeleka Karwirwa Dubai.

Gatwiri alinijua. Akashika koti langu kwa ule mkono wenye ua. Alichelewa.

Nikasema mwakani, kabla ya Pasaka, tarehe ishirini na saba mwezi wa tatu, nampeleka Gatwiri Nchi Takatifu. Yerusalemu yenyewe. Kikundi kidogo.

Makofi! Mchungaji akatoa kalamu akaandika tarehe.

Njia nzima Gatwiri alitembea mbele yangu, mabega yanatetemeka. Nikadhani analia. Tulipofika, akiweka sufuria ya chai, akaniuliza. Je, huko kuna joto?

Pasipoti yake itatoka Septemba. Hilo ni jambo la Septemba. Kwa sasa nimekaa hapa kivulini na Biblia na ramani, na Bwana amenifungua macho tena. Bwawa la Kiambere, ukilitazama asubuhi, nani kati yetu amewahi kuiona Bahari ya Galilaya akasema si hii? Samaki wapo. Muchangi ana mashua. Mlima wa kuhubiria upo, hata jiwe la kusimama nalijua.

Kilichobaki ni ngamia tu. Kesho nitapita kwa Njagi, nimwulize kwa upole alimpata wapi yule wake.